Seli za Kushika kwa Mkono

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo kibandani amekuja mteja asiyetaka tembo! Miaka ishirini na mbili nimekaa hapa Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, nikipiga msasa vinyago wanavyochonga wanaume, na sijawahi kuona jambo kama hilo. Kila mtu hutaka tembo. Akikosa tembo, twiga. Huyu alishuka na begi la vitabu, akajitambulisha — Mwalimu Kyule, anafundisha sayansi junior school huko Kathonzweni — akasema anataka achongewe seli inayogawanyika.

Wanaume walicheka. Nzau alicheka kuliko wote. Nzau ni kaka mkubwa wa mume wangu na ndiye fundi mkuu wa kikundi, kwa hivyo akicheka yeye, wengine wanafuata. Akauliza huyo ni mnyama gani na ana miguu mingapi.

Mwalimu hakukasirika. Alivuta kigoda akaeleza. Darasani kwake, Grade 9, kuna msichana asiyeona. Anaitwa Zulekha, kwao ni Mwingi. Wakifika kwenye michoro, wenzake wanatazama ubao, yeye anaambiwa angoje. Kwenye mtihani ni vilevile — swali la mchoro analiruka na alama zake zinapotea. Sasa wanasoma jinsi seli moja inavyogawanyika ikawa mbili, na somo hilo karibu lote ni michoro. Zulekha ameenda mwenyewe ofisini kwa mkuu wa shule akasema mara hii haruki kitu. Mtihani ni Ijumaa tarehe 23. Mwalimu anataka vipande sita vya mbao, hatua kwa hatua, mtoto asome kwa vidole.

Nzau aliacha kucheka. Akasema itafanyika. Yeye achonge, mimi nilainishe, kama kawaida. Mwalimu akaacha karatasi za photocopy na akachukua namba yangu ya simu, maana simu ya Nzau ni ya kubonyeza tu.

Msichana wa miaka kumi na tano, ofisini kwa mkuu, peke yake! Nimempenda kabla sijamwona.

Jumatano, 7 Mei

Nzau ana mkono, siwezi kumnyima haki yake. Siku mbili tu na vipande sita vimetoka. Vimepakwa kiwi nyeusi ya viatu, vinang'aa, ungedhani ni mpingo. Lakini nilipovipanga mezani nikaona jambo. Cha kwanza ni kikubwa, upana wa sinia. Cha pili kidogo kuliko hicho. Cha tatu kidogo zaidi. Mpaka cha sita — hapo kuna seli mbili, moja kubwa, na nyingine ndogo inachomoza ubavuni.

Ni tembo! Ametengeneza familia ya tembo. Baba, mama, watoto kwa mstari, mkubwa hadi mdogo, vile wageni wanavyopenda kununua kupitia dirisha la gari. Mkono umezoea njia yake, haukuuliza kichwa.

Nilimwambia polepole. Mwalimu ametuma sauti kwa simu, anasema zile mbili za mwisho ziko sawasawa, na ile ya kwanza haibaki — yenyewe ndiyo imekuwa hizo mbili.

"Mama Mutindi," Nzau akaniambia, "umeona wapi mtoto anazaliwa akiwa sawa na mwenzake na mama hayuko? Mama ameenda wapi? Soko?"

Wenzake wakasema hata wao hawajaona. Nikaambiwa nipige msasa tu, fundi anajua. Nikapiga. Lakini midomo niliifunga hadi ikaniuma.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya leo sitaisahau.

Mwalimu alikuja saa nne. Ni mtu wa adabu — alisifu kwanza. Mbao safi, kazi safi. Akapitisha kiganja juu ya kipande cha kwanza, kiganja kikatoka cheusi kwa kiwi. Akakitazama. Akasema mtoto atashika hivi halafu ashike daftari, na daftari lake la breli ni la karatasi nyeupe. Halafu akafika kipande cha sita. Akasema, kwa upole kabisa, Zulekha akisoma hii atajua kwamba seli inazaa kama mbuzi. Na haizai. Inagawanyika.

Nzau alifura. Fundi wa miaka arobaini kuambiwa kazi yake ina kosa, tena mbele ya watu! Alisema kama ni mchoro wanataka wanunue kalamu. Alisema yeye si mwanafunzi wa mtu. Halafu akanielekezea kidevu.

"Si yuko huyu anasikizanga simu ya mwalimu mchana kutwa? Basi achonge yeye!"

Wakacheka. Na mimi nikasema, "Sawa. Nitachonga."

Mdomo uliponza kichwa! Kicheko kikakatika. Hata sijui ni nani kati yetu alishangaa zaidi. Mwalimu akaniuliza kama naweza, nikamwambia naweza. Nikazikusanya zile karatasi za photocopy, nikazitia kikapuni.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeamka na hofu, nimeishinda kwa kazi.

Kwetu ni Kabati, upande wa Kitui. Baba alikuwa mchongaji, na mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, hakuwa na mvulana wa kushika tezo, kile kishoka cha kuchongea, basi nikashika mimi. Nilichonga miiko, nilichonga vijiko, nilichonga hata bakuli moja iliyokubali kushika maji. Kisha nikaolewa huku, na huku wanaume wanachonga, wanawake wanapiga msasa. Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyenikaribisha pia.

Leo nimetia tezo nzee mpini mpya. Nimekata mwarobaini, mbao sita za duara. Nimezipima zote kwa kifuniko kimoja cha sufuria. Zote sita upana mmoja! Hakuna baba, hakuna mama, hakuna mtoto. Nzau alipita akaangalia, akasema nimetengeneza vifuniko vizuri vya mitungi.

Jumapili, 11 Mei

Mchungaji amehubiri juu ya kiburi. Alikuwa akiangalia upande wetu akina mama. Sikuinamisha kichwa. Nilikuwa nahesabu kromosomu.

Jumatatu, 12 Mei

Sauti tisa za mwalimu kwenye simu. Nimezisikiza nikifanya kazi, nikazirudia nikipepeta ndengu nyumbani. Naandika hapa nilivyoelewa, nisije nikasahau katikati ya kazi.

Seli ni ndogo, jicho haliioni. Ndani ina kiini, na kiini kina utando wake. Ndani ya kiini kuna nyuzi ndefu zenye maagizo yote ya mwili — urefu, rangi, pua ya nani. Hatua ya kwanza, seli imetulia kwa nje lakini ndani ina kazi: kila uzi unajinakili. Mmoja unakuwa mbili, sawa kabisa, na zinabaki zimeshikana kiunoni. Mwalimu anaziita madada.

Hatua ya pili, profezi. Zile nyuzi ndefu zinajikunja, zinakuwa fupi na nene. Sasa zinaitwa kromosomu na zinahesabika. Utando wa kiini unaanza kupotea. Hatua ya tatu, metafezi. Kromosomu zote zinapanga foleni katikati ya seli. Hatua ya nne, anafezi — hii ndiyo naipenda! Kamba nyembamba kutoka pande mbili zinavuta, madada wanaachana kiunoni, mmoja anaenda huku, mwingine anaenda kule. Hatua ya tano, telofezi. Kila upande unajifanyia utando wa kiini upya, na seli inaanza kubanwa katikati. Ya sita, mbili. Kila moja ina kromosomu idadi ile ile iliyokuwa kwa ile ya kwanza. Hakuna aliyepunjwa.

Nilimwuliza mwalimu kwa nini kunakili kwanza. Akajibu vizuri. Seli ingegawanyika bila kunakili, kila seli mpya ingepata nusu ya maagizo, na nusu ya maagizo haijengi ngozi. Tumekubaliana sisi tutachonga kromosomu nne tu, mbili ndefu, mbili fupi, ili vidole visichoke. Binadamu, anasema, ana arobaini na sita katika karibu kila seli ya mwili. Arobaini na sita! Ndio umri wangu. Nilicheka peke yangu hadi kuku wakakimbia.

Jumanne, 13 Mei

Patasi imenikata kidole gumba. Si sana. Nilimtumia mwalimu picha, naye akajibu kwa sauti ya furaha kana kwamba nimempa habari njema. Anasema pembeni ya kidonda hicho seli za ngozi zinagawanyika sasa hivi, wakati tunaongea, ili kifunge. Kwa hivyo somo ninalochonga liko kwenye kidole kinachochonga. Nimefunga kitambaa nikaendelea.

Lakini kubwa la leo ni hili. Nilikuwa nimekwama. Ukichonga seli kwa macho, unaweka rangi — kiini hiki, utando huu. Kwa vidole rangi ni bure. Utamwambiaje mtu hapa ni kiini na hapa si kiini? Nimekaa na ubao mapajani saa nzima. Halafu nikaangalia kikapu changu cha msasa, na nikaona aibu kwamba nilichelewa hivyo.

Namba sitini, mia moja ishirini, mia nne! Hiyo ndiyo kazi yangu! Mwili wa seli nitauacha na sitini, ukwaruze. Kiini, mia moja ishirini. Kromosomu, mia nne, ziteleze. Nzau na tezo yake yote hajui tofauti ya mia moja ishirini na mia mbili arobaini kwa kidole. Mimi najua nikiwa nimelala. Miaka ishirini na mbili wananiita mtu wa msasa. Basi leo msasa umesema.

Nilijifunga leso machoni nikajaribu. Wanaume walicheka sana, mmoja akaniwekea nyanya mkononi. Nimeila.

Jumatano, 14 Mei

Kipande cha tatu kimekamilika na kinafanya kazi. Nimechonga kila dada kivyake, na wawili wawili wanakutana kiunoni kwa tundu na kijiti. Wanakaa kwenye mfereji katikati ya ubao. Kutoka kila dada nimetoa kamba ya mkonge, nyembamba, niliyosokota mwenyewe pajani, ikipita kwenye tundu la ukingoni. Ukivuta kamba za pande zote mbili — tak! Wanaachana. Nimevuta labda mara thelathini. Sikuweza kujizuia.

Karatasi ya mwalimu haina hiyo. Hata kitabu chake hakina.

Alhamisi, 15 Mei

Vipande vitatu tayari. Kesho napeleka Kathonzweni vijaribiwe. Nimepiga pasi rinda la buluu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwona Zulekha.

Mrefu, hijabu nyeupe ya shule, na maneno yake hayana breki. Alishika mikono yangu kabla hajashika mbao. "Mama, mikono yako iko rough kuliko hii kazi yako," akasema. Nikamwambia hiyo ndiyo bei yake. Akacheka.

Tulikaa maktaba, mimi, yeye na Mwalimu Kyule. Alianza na cha kwanza. Vidole vyake havikimbii. Vinaenda ukingoni, vinazunguka, ndipo vinaingia. Alisema hapa nje ni ukuta haujapigwa plasta, hapa katikati ni meza, na hizi ndani ni nyuzi zimetupwa tu. "Hii bado imetulia," akasema. "Bado haijapanga." Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia! Mwalimu alinitazama na mimi nikatazama dirisha, maana machozi si ya kuonyesha watu.

Akachukua cha pili. Profezi. Akagusa kromosomu ya kwanza, akarudi, akagusa tena. Akauliza madada wako wapi.

Mwalimu akamwambia wako hapo wawili, wameshikana, mstari wa kuwatenganisha unaonekana.

"Mwalimu, wewe unaona. Mimi hapa ni fimbo moja. Fimbo moja itatoa mbili aje?"

Nilichukua ubao nikafumba macho. Kweli tupu! Nilikuwa nimechonga mfereji kati ya madada, halafu nikapiga msasa, nikapiga, nikapiga, kama nilivyofundishwa — lainisha mpaka mkono uteleze — na mfereji wote ukaisha. Ulibaki mstari mweusi wa vumbi kwenye mbao. Jicho linaudhani mfereji, kidole hakipati kitu. Mimi, niliyejisifu juu ya msasa, nimekosa kwa msasa! Niliona haya.

Zulekha akasema pole, akasema hata yeye hufuta nukta kwa breli akibonyeza sana. Kisha akapewa cha tatu. Akatafuta kamba, akavuta. Tak! Akarudisha, akavuta tena. Akauliza kama kuna mtu mwingine darasani aliye na hii. Mwalimu akasema hakuna, wengine wana picha tu.

"Basi wataniomba," akasema, na akakaa wima kwenye kiti kama chifu.

Nimerudi Kambu na kosa moja la kurekebisha na kichwa kikubwa hivi.

Jumamosi, 17 Mei

Cha pili nimekirudia chote. Mfereji wa kina, ukucha unaingia. Msasa nimeushika kwa adabu.

Nzau amekuja mchana, akaomba leso. Kwa mzaha, alisema. Akajifunga macho, akagusa. Alihesabu kromosomu tano. Ziko nne. Akahesabu tena, akapata sita. Akafungua leso akaniambia mbao zangu zina uongo. Lakini baadaye nilikuta patasi yangu imenolewa, na mimi sikuinoa.

Jumatatu, 19 Mei

Kimepasuka!

Cha nne, anafezi, kile ninachokipenda. Nilikiacha vizuri jana, leo asubuhi ufa kutoka ukingoni hadi katikati, kidole kinaingia. Mwarobaini ulikuwa mbichi. Nilijua ni mbichi. Nilikata nikiwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Vile vingine, pamoja na cha tano na cha sita nilivyomaliza jana, nimevipaka mafuta, vinashikilia. Hiki hapana.

Nimejaribu gundi na vumbi la mbao. Ukifumba macho bado ufa uko pale, na Zulekha atausoma. Ataudhani ni seli imeshaanza kukatika, na ataandika hivyo, na watamnyima alama kwa kosa la mbao zangu. Siku nne zimebaki. Bila cha nne, vile vitano havina maana, maana hapo ndipo madada wanaachana. Ataruka swali tena.

Nahitaji mbao kavu. Katika Kambu nzima najua mtu mmoja aliye na gogo la mti mgumu wa mkau lililokauka miaka mitatu chini ya paa. Mtu huyo sitaki kumwomba.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwomba.

Nilimkuta Nzau nyumbani kwake anakunywa chai. Nikasimama. Nikasema shemeji, nahitaji kipande cha ule mkau wako. Alijua tayari, kibanda hakina siri. Aliniambia huo mkau ameuwekea tai atakayechonga siku moja, mabawa wazi. Nikasema najua. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga.

Akasema atatoa. Lakini chochote kinachotoka kibandani kwetu kina chapa ya NZ chini, ile anayoichoma kwa chuma cha moto. Twiga wote wana NZ, tembo wote wana NZ. Kwa hivyo hizi nazo, zote sita. Watu wanamjua Nzau, akasema. Wewe Muthoki, nani anakujua?

Nilihisi moto hadi masikioni. Nilitaka kumwambia akae na mkau wake auchongee tai, jogoo, chochote. Maneno yalifika kwenye meno. Halafu nikaiona ile mikono ikirudi kwa kromosomu ya kwanza, ikitafuta madada. Yule mtoto hatajibu swali kwa kiburi changu.

Nikasema sawa. Akanikatia mkau mwenyewe, kipande kizuri cha katikati, hakuninyima. Hilo naliandika pia, maana ni kweli.

Jumatano, 21 Mei

Mkau ni mgumu, si mwarobaini. Unasukuma patasi, unasukumwa. Nimechonga tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Madada wanane, wanne huku, wanne kule, wote viuno mbele na mikono nyuma kama watu wanaovutwa kwa mkanda. Mwalimu alisema ndivyo wanavyokuwa, kamba inashika kiunoni. Pande zote mbili nimezihesabu macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefungwa. Mbili ndefu, mbili fupi. Mbili ndefu, mbili fupi.

Hii ni kazi bora zaidi iliyowahi kutoka mikononi mwangu. Baba angeishika akanyamaza, na kwa baba kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa.

Alhamisi, 22 Mei

Nzau amechoma chapa. Moja moja, zote sita. Moshi wa mkau una harufu tamu, hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nilisimama hapo nikashika kila ubao wakati anachoma, usiteleze. Nilishasema sawa kwa mdomo. Moyo bado haujasema.

Kesho anakuja nami Kathonzweni. Anasema yeye ndiye mwenyekiti, lazima akabidhi kazi ya kikundi. Amenyoa ndevu.

Ijumaa, 23 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la veranda, nje ya darasa. Mtihani umeanza saa tatu. Nzau yuko kando yangu amevaa koti.

Asubuhi ilikuwa na kisa. Mwalimu mmoja alisema vipande vikipangwa moja hadi sita ni kumpa mtoto majibu. Mwalimu Kyule akasema hana neno, wenzake Zulekha wamepewa picha zilizochanganywa, na yeye achanganyiwe. Akavitia vyote kwenye kikapu, akavitikisa — nilifunga macho! — akavimwaga kwenye dawati lake. Zulekha akasema, "Muviwache hapo. Nitavipanga."

Mlango uko wazi nusu, namwona. Amegusa vyote sita mara moja, haraka, kama mtu anayesalimia. Sasa anaanza. Ameshika kile cha nyuzi zilizotulia, amekiweka kushoto kabisa. Cha kwanza, sawa! Ameshika kile cha madada wenye mfereji. Ukucha umeingia, nimeona umeingia. Cha pili. Mashine yake ya breli inapiga kelele, wenzake wanageuka kuangalia, mwalimu anawarudisha.

Cha tatu. Amevuta kamba — tak, tak, tak, tak. Nne! Nzau amenigusa kiwiko. "Ni ile ya kamba?" Ndiyo. "Kumbe inalia hivyo." Ndiyo, inalia hivyo.

Najisifu, acha nijisifu. Yule mtoto anafanya mtihani mzima, na hakuna kitu anachoruka, na hizo ni mbao zangu.

Ameshika cha nne. Amekiweka mahali pake, sawa kabisa. Amekichukua tena. Anakigusa upande wa kulia. Anarudi. Anakigusa tena. Mashine imenyamaza. Ameinua mkono.

Mwalimu ameinama, wanaongea, siwasikii. Mkuu wa shule amekuwa humo ndani tangu mwanzo, naye ameitwa. Kalamu yangu inateleza kwa jasho. Nimehesabu, najua nimehesabu. Wanne huku, wanne kule. Au ni mshipa wa mkau? Au nimesahau mahali namba sitini?

Mkuu wa shule ametoka na kipande cha nne mkononi. Anasema mtoto amekigusa mara tatu, kuna kitu hakimkai sawa, hataki kuandika jibu kabla hajamwuliza aliyekichonga swali moja. Amekigeuza chini juu. Amesoma.

"NZ. NZ ni nani hapa?"

Nzau anaangalia viatu vyake. Ananinong'oneza, Mama Mutindi, kaa tu, tuseme ni ya kikundi.

Mkuu anangoja. Zulekha ndani bado mkono uko juu.

Nimesimama. Nimemwambia ni yangu, iwe sawa iwe na kosa, swali niulizwe mimi.